Aliye Ghaibu na Aliyelowea: Kiswahili na Maisha ya Ugenini



Nimepewa uhuru wa kuchagua mada, na nimechagua jambo ambalo kila mmoja wetu humu ukumbini ana ndugu, jirani au rafiki aliyelitenda: kuihama nchi yake na kwenda kuanza maisha mapya katika nchi ya watu.

1. Utangulizi

Naomba nianzie nyumbani. Mwaka 1974 mjomba wangu, kaka yake mama, aliondoka Tanga akiwa baharia. Hakuaga kwamba anahama. Alisema anakwenda safari, kama mabaharia wote wasemavyo. Meli ilimfikisha katika mji mmoja wa bandari nchini Uingereza; huko akapata kazi ya nchi kavu, akaoa, akazaa binti mmoja. Kwa muda wa miaka 30 kila mtu alipomwuliza bibi yangu habari za mwanawe, bibi alijibu kwa neno moja tu: “Hayupo.” Hakusema, “Yuko Uingereza.” Alijua fika aliko, kwani barua zilikuwa zikija, na baadaye simu. Hata hivyo, kwake yeye lililokuwa na maana si pale alipokuwapo mwanawe bali pale ambapo hakuwapo.

Mwaka 2004 mjomba alirudi kututembelea, akiwa na yule binti, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 19. Tulikusanyika uani kumpokea. Mtoto wa kwanza aliyemfikia mbio alikuwa mwana wa dada yangu, mvulana wa miaka minne. Binti akainama, akamwambia kwa adabu zote: “Shikamoo.” Mtoto, bila ya kusita, akajibu: “Marahaba.” Ua mzima uliangua kicheko. Asiyecheka alikuwa mjomba peke yake. Yeye ndiye aliyemfundisha bintiye kuwa Waswahili huamkiana kwa neno hilo, na lililomwingia moyoni jioni ile ni kwamba alimfundisha neno lakini hakuweza kumpa ua wa kulitumia.

Hoja yangu kuu katika mhadhara huu imo katika mambo hayo mawili: jibu la bibi na kosa la binti. Nitajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja aliyeondoka, lakini maneno yake ya kumtaja aliyefika yamechafuliwa na historia. Na kwamba upungufu huo si wa msamiati tu, bali umeathiri namna tunavyowatendea wenzetu walio ugenini na watoto wao.

2. Maneno ya kuondoka na maneno ya kufika

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kuhama ni kuacha mahali. Tukiongeza kiambishi cha kutendea tunapata kuhamia, yaani kuacha mahali na kwenda kukaa pengine. Irabu moja tu ndiyo inayotenganisha kuondoka na kufika. Anayehama anatazamwa kisogoni na wale anaowaacha; anayehamia anatazamwa usoni na wale wanaompokea. Sarufi yetu, basi, inatambua pande zote mbili za safari.

Lakini matumizi hayakwenda sawa na sarufi. Mhamiaji, jina linalotokana na kuhamia, leo linanuka ofisi. Ukilitamka, msikilizaji hufikiria dirisha, fomu, muhuri na foleni. Na magazeti yetu yamezoea kuliunganisha na sifa ya haramu. Hakuna mama anayesema kwa fahari kuwa mwanawe ni mhamiaji.

Lipo neno la zamani lililokuwa bora zaidi, nalo ni kulowea. Kulowea ni kukaa ugenini kwa muda mrefu hata mtu akawa kama mwenyeji. Neno hili halina kejeli ndani yake wala huzuni. Linakiri kwamba mtu anaweza kuingia katika nchi isiyo yake, ikamkubali, naye akaikubali. Kwa bahati mbaya, tunapounda jina kutokana na kitenzi hicho tunapata mlowezi. Na kila mwanafunzi aliyesoma historia shuleni anamjua mlowezi ni nani. Ni Mzungu aliyetwaa ardhi katika nyanda za juu za Kenya au Rhodesia, akawageuza wenye ardhi kuwa vibarua wake. Ukoloni haukuchukua mashamba peke yake. Ulichukua pia neno ambalo lingetufaa. Nani leo atamwita mjomba wangu mlowezi wa Uingereza bila ya watu kucheka?

Baada ya kunyang’anywa maneno hayo mawili, tumebaki na ya mbali. Tuna ng’ambo, yaani upande wa pili wa maji. Mjini Unguja Ng’ambo ni mitaa iliyokuwa ikitenganishwa na Mji Mkongwe na ghuba ndogo tu, ambayo baadaye ilifukiwa. Mtu aliweza kwenda ng’ambo na kurudi kabla ya adhuhuri. Leo neno hilohilo linavuka bahari nzima. Vijana wa Kenya wana majuu, na wa Tanzania wana mamtoni. Wana pia kuzamia, kwa maana ya kuondoka kwa kujificha melini, na kubeba maboksi, kwa maana ya kazi yoyote ya sulubu inayomngoja msomi huko aendako. Misemo hii ina uchangamfu na ina ukweli wake, lakini yote inazungumzia umbali au shida. Hakuna hata mmoja unaosema kwamba mtu huyo sasa ana jirani, ana duka analonunulia mkate, ana kaburi la mzazi mwenziwe analolizuru.

Na juu ya yote tuna ughaibuni. Neno hili, ambalo sasa limeingia katika hotuba za viongozi na hati za serikali, linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kutokuwapo, kutoonekana. Aliye ghaibu ni asiye mbele ya macho yetu. Waislamu miongoni mwetu wanaijua sala ya ghaibu, anayosaliwa maiti aliye katika nchi nyingine. Mjomba wangu alifariki mwaka 2016 na akazikwa kulekule. Tanga tulimsalia sala hiyo, na nilipokuwa nimesimama safuni nilitambua kwamba hatukuwa tumempa jina jipya. Tulikuwa tukimwita ghaibu tangu mwaka 1974.

3. Kuhifadhi kwa ghaibu

Hata hivyo, neno hili lina upande wa pili ambao wanafunzi wa madrasa wanaujua vyema. Kusoma kwa ghaibu, au kama wengine wasemavyo, kwa ghibu, ni kusoma kwa moyo bila ya kutazama kitabu. Kitabu hakipo machoni, lakini kipo kifuani. Mzizi uleule unaomtaja mtu aliyetutoka unataja pia kile alichokichukua. Ndiyo hali ya mhajiri: yeye ni ghaibu kwetu, na sisi tumo ndani yake kwa ghaibu.

Historia yetu ina mfano wa mapema wa jambo hili. Sayyida Salma, binti wa Sayyid Said bin Sultan, alizaliwa Unguja mwaka 1844. Mwaka 1866 aliondoka kwa siri, akaenda Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Tangu hapo alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Mwaka 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi isiyokuwa na ndugu yake hata mmoja. Hakuondoka nayo moja kwa moja: alikuja kuizuru Zanzibar mwaka 1885 na tena mwaka 1888, asipate haki aliyoitaka, na alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1886. Katika dibaji yake anaeleza kwamba kwanza aliziandika kwa ajili ya wanawe, ili wajue asili ya mama yao. Nawaomba mzingatie jambo moja la lugha. Mwandishi alikulia katika Kiarabu na Kiswahili. Watoto aliowaandikia walikuwa Wajerumani. Na kitabu ni cha Kijerumani. Alihifadhi Unguja kwa ghaibu, vyumba vyake, vyakula vyake, sherehe zake, lakini ilimbidi aitafsiri ndipo wanawe wamfahamu. Mama alikuwa mkalimani wa utoto wake mwenyewe.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, njia hiyo ilipitwa na Mzanzibari mwingine. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa mwaka 1948, alikwenda Uingereza akiwa kijana baada ya Mapinduzi ya 1964, akaandika riwaya zake kwa Kiingereza, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Katika riwaya yake By the Sea ya mwaka 2001, mzee Saleh Omar anafika katika uwanja wa ndege wa Gatwick kuomba hifadhi na kujifanya hajui Kiingereza. Wanafunzi wa isimu wana la kujifunza hapo: mgeni anaficha lugha anayoijua, kwa sababu ameambiwa kwamba mtu asiye na lugha huhurumiwa kuliko mwenye nayo. Riwaya yake nyingine, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Waswahili waliweza kuisoma kwa lugha yao mwaka 2022, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iitwayo Peponi. Hadithi ilichukua miaka 28 kurudi nyumbani.

Wapo pia waliohama bila ya kuhama lugha. Abdilatif Abdalla, baada ya kifungo chake cha kisiasa nchini Kenya kati ya 1969 na 1972, aliishi Dar es Salaam, kisha London, kisha Leipzig, na sauti yake haikuacha kuwa ya Mvita. Said Ahmed Mohamed alifundisha Osaka, Japani, na kwa miaka mingi Bayreuth, Ujerumani. Riwaya zake Babu Alipofufuka ya 2001 na Dunia Yao ya 2006 zilisomwa Nairobi na Zanzibar kana kwamba mwandishi anakaa mtaa wa pili. Kwa wasomaji wake, mwandishi huyo hakuwa ghaibu.

4. Marejeo

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Baharia huzunguka mbele na nyuma ya chombo, lakini mwisho hurudi tumboni mwake. Tunaitumia methali hii kuwakumbusha walio ugenini kwamba iko siku watarudi. Lakini je, mtu akiwa na ngama mbili?

Chukueni mfano wa Oman. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na Waarabu wengi wa Oman wakaja wakalowea, wakaoa, wakazaa watoto waliolelewa kwa Kiswahili. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wengi wa wajukuu hao walikimbia. Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970 na kuwaita Waomani walioko nje waje kuijenga nchi, walikwenda Muscat kwa maelfu. Kwa hati, walikuwa wamerudi nyumbani. Kwa uhai wao, wengi walikuwa wanaiona nchi ile kwa mara ya kwanza, na huko wakapachikwa jina la Wazanzibari. Unguja waliitwa Waarabu. Uarabuni waliitwa watu wa Unguja. Kiswahili kikawa lugha ya sebuleni na jikoni mwao, na ngano zikasimuliwa kwa lugha hiyo mbali kabisa na minazi.

Mfano huu unatufundisha kwamba kurudi nako ni kuhama. Anayerudi baada ya miaka 30, kama mjomba wangu, hairudii nchi aliyoiacha. Nchi nayo imehama, na katika yote yaliyomo ndani yake, lugha ndiyo inayohama upesi zaidi. Mjomba alituzungumzia Kiswahili cha 1974, na watoto wa mtaani walimwita Mzee wa Redioni.

5. Lugha inapohama pamoja na watu wake

Hadi sasa nimesema juu ya watu. Lakini lugha yenyewe pia huhama, na hapa ndipo taaluma yetu inapohusika moja kwa moja.

Katika pwani ya kusini ya Somalia uko mji wa Barawa, ambao wenyeji wake wa asili husema Chimwini, mwanachama wa kaskazini kabisa wa ukoo wa Kiswahili. Ni lugha ya mabaharia, mafundi na masheikh, na ya tenzi za dini za akina Dada Masiti. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1991, watu wa Barawa walishambuliwa na kuporwa. Wengi walikimbilia Mombasa kwa vyombo, wakakaa kambini, na kutoka huko wakahamishiwa Uingereza na Marekani. Kwa muda mfupi lugha iliyokaa karne nyingi katika mji mmoja ilijikuta imetawanyika katika majengo ya ghorofa ya miji ya mbali. Kwa bahati njema alikuwapo mwana wa Barawa aliyekuwa mwanaisimu, Mohammad Imam Abasheikh, na kamusi aliyoiandaa pamoja na Charles Kisseberth ilitolewa mwaka 2004. Kamusi hiyo ni hazina. Lakini kamusi ni kuhifadhi kwa ghaibu. Haiwezi kumkaripia mtoto wala kumbembeleza.

Mfano wa pili ni wa Wakongo. Vita vilivyoanza mashariki mwa Kongo mwaka 1996 viliwaleta maelfu ya wakimbizi nchini Tanzania, na katika mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa huko Kigoma. Watoto walizaliwa na kukua humo. Baadaye familia nyingi zilipelekwa Marekani, na kwa sababu hiyo Kiswahili kinasikika leo katika hospitali, mahakama na makanisa ya miji ambayo zamani haikukijua. Lakini ni Kiswahili kipi? Mama anayesema batoto badala ya watoto, na masomo akiwa na maana ya shule, huletewa mkalimani aliyefunzwa Kiswahili sanifu. Mkalimani akiwa na dharau humsahihisha. Akiwa hana ujuzi hukosea. Mbele ya daktari au hakimu, kosa hilo si la sarufi tena. Je, sisi tunaofundisha wakalimani, tumewaandaa kumsikiliza mama huyo? Mimi nimefundisha somo la lahaja kwa miaka mingi, na nakiri kwamba Kiswahili cha Bukavu na Lubumbashi nilikipa wiki moja tu, ya mwisho, baada ya mtihani wa majaribio.

6. Siku ya tatu

Methali yetu ijulikanayo sana inasema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunaisoma kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naomba tuisome kama kanuni ya kulowea. Jembe halimwadhibu mgeni. Linamtoa katika ugeni. Aliyepewa jembe amepewa sehemu ya shamba, na aliye na sehemu ya shamba anaelekea kuwa mwenyeji, neno ambalo ndani yake tunasikia mwenye mji.

Lugha nayo ni hivyohivyo. Kiswahili kinachopelekwa ugenini na kufungiwa sandukuni kama kanga ya harusi, kitolewe siku za sikukuu tu, hubaki mgeni hadi kife. Kinachohitaji ni jembe: kazi ya kila siku. Kwa hiyo nina mapendekezo matatu. Kwanza, tuandike vitabu vya watoto wanaokua mbali, ambavyo havichukulii kwamba msomaji anaona mnazi dirishani, na vinavyoeleza nani humwamkia nani na kwa nini. Pili, wanafunzi wa shahada za juu waelekezwe kukusanya masimulizi ya wasemaji wa Chimwini na ya wazee wa Muscat wangali hai. Tatu, mafunzo ya ukalimani yaingize lahaja za Kongo kama lugha za watu, si kama orodha ya makosa.

Na kama inawezekana, turudishiane neno kulowea. Mwizi akifa na koti la mtu, koti hurudishwa kwa mwenyewe.

Mabibi na mabwana, naomba nimalizie nilikoanzia. Habari ya kifo cha mjomba ilitufikia kwa simu, na aliyepiga alikuwa yule binti. Alizungumza Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia. Alipomaliza alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili neno moja: “Poleni.” Hakusema “pole”, kwa mtu mmoja aliyeshika simu. Alisema “poleni”, kwa ua mzima. Mfiwa wa kwanza alikuwa yeye, lakini alitanguliza kutupa sisi pole, kama afanyavyo mtu wa nyumbani. Sijui alijifunza lini.

Kiswahili kinatupa namna tatu za kusema mtu alipo. Bibi yangu alichagua ya kwanza, akaikanusha: hayupo. Ofisi ya uhamiaji ingechagua ya pili: yuko Uingereza. Siku ile, nikiwa bado nimeshika simu, mama yangu aliniuliza nani alikuwa akizungumza, nami nilikosa jibu la haraka. Leo ningemjibu kwa ile ya tatu. Ningemwambia: ni mwenzetu, yumo.